Pampu ya Insulini Haijui Umekula Nini

Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza anayefuata utaratibu kamili wa matibabu hujichoma sindano nne kwa siku au zaidi: moja ya insulini ya muda mrefu, nyingine kila anapokula, na za ziada sukari ikipanda. Kwa mwaka zinapita 1,400. Mwambie kuna kifaa kinachoifanya kazi hiyo kwa kutoboa ngozi mara moja tu kila baada ya siku mbili au tatu, hatakuuliza mengi, atataka kujua kinapatikana wapi. Na ndugu walioko Uingereza au Marekani wanapewa pampu kliniki, wanatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na aliyeko Tanga au Kisumu anabaki kujiuliza kwa nini yeye bado anahangaika na bomba na kichupa.

Jibu linalokuja haraka ni bei. Ni kweli, na tutaifikia. Ila wapo wenye fedha zao walionunua pampu na sukari zao zikabaki palepale, kwa hiyo tuanze na kifaa chenyewe.

Kwanza tuwaondoe wengi kwenye foleni. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wenye kisukari duniani wana aina ya pili, na wengi wao wanatumia vidonge au sindano chache. Hao pampu haiwahusu. Wapo wachache wa aina ya pili wanaochoma dozi kubwa mara nyingi kwa siku na bado sukari haishuki. Baadhi yao wamenufaika na pampu, lakini hayo ni mazungumzo ya peke yao na daktari wao. Hapa nawazungumzia wa aina ya kwanza, ambao kongosho lao limeacha kabisa, au karibu kabisa, kutengeneza insulini.

Kongosho zima lina kazi mbili. Usiku na mchana hutoa insulini kidogo kidogo hata kama mtu hajala kitu, kwa sababu ini nalo halilali: linamimina sukari kwenye damu muda wote ili ubongo usikose chakula. Hiyo tuiite insulini ya msingi. Ukila, kongosho huongeza nyingine kwa mkupuo. Matibabu yote ya insulini, ya bei rahisi na ya bei mbaya, ni majaribio ya kuyaiga haya mawili.

Katika kliniki nyingi za serikali huku kwetu, jaribio lenyewe ni mchanganyiko wa 70/30, ambao wengi wanauita Mixtard tu, unaochomwa asubuhi na jioni. Ni rahisi kukumbuka, na umeokoa maisha ya watu wengi. Tatizo lake ni kwamba unamfunga mtu. Ukishachoma asubuhi umeahidi kula mchana, saa ileile, kiasi kilekile. Daladala ikikwama foleni au kikao kikirefuka, insulini haisubiri. Hatua ya juu yake ni sindano nyingi, yaani insulini ya muda mrefu ya kushika msingi na ya haraka ya kila mlo. Hapo mtu anapata uhuru wa kula saa sita au saa tisa, kingi au kidogo, mradi dozi ifuate chakula.

Pampu inaziacha zote hizo na kubaki na insulini moja: ya haraka peke yake. Ni kifaa cha ukubwa wa simu ndogo ya batani, chenye hifadhi ya uniti 200 au 300, mota ndogo inayosukuma, na mrija mwembamba unaoishia kwenye kanyula, kipande cha plastiki laini cha milimita chache kinachokaa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono. Nyingine, kama Omnipod, hazina mrija. Zinabandikwa mwilini nzima nzima na kuendeshwa kwa rimoti. Kama umewahi kuona bustani ya nyanya inayomwagiliwa kwa matone, umeelewa: badala ya kumwaga ndoo moja asubuhi na kuomba ifike jioni, unaachia tone baada ya tone, na unaweza kubadilisha kasi.

Faida ya pampu ipo kwenye huko kubadilisha kasi. Kuanzia kama saa tisa usiku hadi kunapopambazuka, mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, na homoni hizo hupandisha sukari. Kuna watu wanalala na sukari ya 7 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote za sukari hapa) na kuamka na 14 bila kuonja kitu. Ukiongeza dozi ya insulini ya muda mrefu ili kuzima mpando huo, ile nyongeza inaanza kufanya kazi tangu saa nne usiku, na saa saba unazinduka umelowa jasho, mikono inatetemeka, sukari imeanguka. Insulini ya muda mrefu ikishaingia mwilini haipokei maagizo. Pampu inaweza kupangiwa kiwango kidogo usiku wa manane na kikubwa alfajiri, kila siku, bila mtu kuamka.

Halafu kuna watoto wadogo. Bomba la kawaida linapima uniti nzima, na kalamu za insulini za watoto zinapima nusu. Kwa mtoto wa kilo tisa ambaye siku nzima anatumia uniti nne au tano, nusu uniti ni nyingi. Pampu nyingi zinaweza kutoa sehemu ya ishirini ya uniti, na zipo zinazoshuka chini ya hapo. Daktari akiniambia pampu moja imepatikana wilaya nzima, ningeona haki apewe mtoto wa umri huo kabla ya mtu mzima yeyote.

Ramadhani nayo huulizwa sana, hasa pwani. Wataalamu huwaweka wenye aina ya kwanza kwenye kundi la hatari kubwa, na wengi wao hushauriwa wasifunge. Kwa anayefunga baada ya kukubaliana na daktari wake, pampu inampa kitu ambacho sindano haiwezi: kupunguza insulini ya msingi katika saa za mwisho kabla ya magharibi, wakati ambapo sukari huporomoka kirahisi, kisha kuirudisha baada ya futari. Lakini mpaka haubadiliki. Sukari ikishuka chini ya 3.9, funga imeisha kwa siku hiyo, pampu ipo au haipo.

Sasa tuje kwenye chakula. Pampu inatoa msingi yenyewe, lakini haijui umekula nini. Kila mlo ni wewe unayeiambia ni gramu ngapi za wanga zinaingia, nayo inapiga hesabu ya uniti kwa uwiano uliopangiwa kliniki. Ukikosea gramu, itakosea uniti, kwa umakini mkubwa kabisa wa kielektroniki.

Anayekula mkate wa dukani kule Leicester, Uingereza, anasoma gramu kwenye pakiti. Ugali hauna pakiti, na uzito wake unategemea maji: ugali mgumu na ugali laini wa ukubwa uleule si sawa. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga. Kama uwiano wako ni uniti moja kwa gramu kumi, hiyo ni uniti nne na nusu. Sasa weka wali huo kwenye sinia la pilau, watu watano wamelizunguka, mmoja anakula haraka, mwingine anasukuma nyama upande wako, mama mwenye nyumba anaongeza upawa mwingine bila kuuliza. Umekula vikombe viwili au vitatu? Tofauti ya kikombe kimoja inatosha kukuangusha au kukupandisha hadi usiku. Wanaoishi vizuri na kisukari hapa hujipakulia kwanza kwenye bakuli wanalolijua, lile walilolipimia nyumbani kwa mizani ya jikoni, kisha wanakaa na wenzao. Kuna mashangazi watakaonuna, na ni bora wanune.

Pilau ina ujanja mwingine. Mafuta huchelewesha wanga, kwa hiyo sukari inapanda saa tatu au nne baada ya kula, wakati insulini ya haraka uliyochoma imeshaanza kuisha. Chapati za mafuta na biriani ni hivyohivyo. Hapa pampu ina jibu zuri: unaweza kuigawa dozi, sehemu itolewe sasa na sehemu itandazwe kwa saa kadhaa. Kwa sindano ungelazimika kujichoma mara ya pili usiku. Lakini kuigawa vizuri ni lazima uwe umeshakielewa chakula hicho kinavyokufanya.

Kwa hiyo pampu inakuza ujuzi uliopo, haiuleti. Hili si wazo langu tu. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, wa 1983 hadi 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye aina ya kwanza na kuonyesha kwamba kudhibiti sukari kwa karibu hupunguza hatari ya macho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Waliodhibiti kwa karibu walitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku. Matokeo yaliletwa na udhibiti wenyewe, pamoja na kliniki ya kila mwezi na kupima mara kwa mara. Baadaye Waingereza wakauliza swali kwa namna kali zaidi: je, watu wazima wa pampu na wa sindano wakipewa mafunzo yaleyale ya kuhesabu wanga, nani atashinda? Utafiti huo, REPOSE, ulichapishwa mwaka 2017, na baada ya miaka miwili tofauti ya wastani wa sukari ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Mwaka 2019 ukaja mwingine, SCIPI, wa watoto karibu 300 waliokuwa wametoka tu kugunduliwa na kisukari. Mwaka mmoja baadaye, wa pampu hawakuwa wamewapita wa sindano.

Ukisoma hapo utauliza sasa kwa nini Uingereza inagawa pampu kwa kasi. Kwa sababu pampu ya leo haiji peke yake. Imeunganishwa na kihisi, kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi na kusoma sukari kila baada ya dakika chache, na programu katikati inayopunguza au kuongeza insulini ya msingi bila kuulizwa. Mfumo wa kwanza wa namna hiyo, MiniMed 670G, uliidhinishwa Marekani Septemba 2016. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2019, watu waliopewa mfumo kama huo walitoka kukaa kwenye kiwango salama, kati ya 3.9 na 10, kwa asilimia 61 ya muda hadi asilimia 71. Hiyo ni nyongeza ya karibu saa mbili na nusu kila siku, na manufaa yalionekana zaidi usiku, wakati mtu amelala na mzazi wake amelala. Desemba 2023 taasisi ya NICE, inayoamua matibabu yapi yagharimiwe na serikali huko, iliidhinisha mifumo hii itumike na huduma ya afya ya Uingereza, igawiwe kwa awamu kwa miaka kadhaa. Kama unaishi huko na kliniki imekuita, nenda. Sioni sababu ya kukataa. Hata hivyo mifumo mingi bado inakutaka uitangazie chakula. Kihisi kinaona sukari ikishapanda, hakioni sinia likiletwa.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki hesabu ni nyingine, na hatari moja ningeiweka mbele ya bei.

Anayechoma insulini ya muda mrefu ana akiba chini ya ngozi. Akisahau sindano ya chakula, sukari itapanda, lakini msingi upo. Mwenye pampu hana akiba yoyote, kwa kuwa insulini ya haraka huisha nguvu ndani ya saa chache. Kanyula ikijikunja, mrija ukiingia hewa, gundi ikibanduka kwa jasho au betri ikiisha saa sita usiku, kufikia alfajiri mwili hauna insulini kabisa. Ketoni, tindikali zinazobaki mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaanza kujaa, damu inageuka tindikali, mtu anatapika, anahema kwa nguvu, na hospitali wanaweza kudhani ni malaria. Ndiyo maana kila anayefundishwa pampu hufundishwa kwamba sukari ikipita 14 bila sababu na isishuke, dozi ya kurekebisha ichomwe kwa kalamu au bomba, si kupitia pampu, kisha kanyula ibadilishwe na ketoni zipimwe. Maana yake sindano haiachwi. Inakaa kwenye mkoba, na insulini yake, kila siku.

Tena insulini inayogawiwa kliniki nyingi haiwezi kujazwa kwenye pampu. NPH (insulini ya muda wa kati) na mchanganyiko wa 70/30 zina ukungu, na insulini yenye ukungu haiingii kwenye pampu kamwe. Zinatakiwa za haraka kama aspart, lispro au glulisine, ambazo kwetu mara nyingi mtu hujinunulia mwenyewe. Na joto. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kukaa kama wiki nne mahali penye ubaridi kiasi, na wengi wasio na friji wanatumia mtungi wa udongo uliolowekwa, unaofanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Insulini iliyo ndani ya pampu inavaliwa mwilini, juani, Mombasa, Februari. Huwezi kuiacha nyumbani kwenye mtungi. Nguvu yake ikipungua hutaona chochote kwenye skrini.

Bei sasa. Pampu yenyewe ni dola elfu kadhaa, lakini mtu akijikusanya, au ukoo ukichanga, inanunulika mara moja. Kinachowashinda watu ni vya kila mwezi: seti kumi hivi za mrija na kanyula, hifadhi za insulini, vihisi vinavyodumu takriban siku 10 hadi 15, na insulini ya haraka. Vikikatika mwezi mmoja, pampu ni pambo. Kabla hujaagiza, iulize bima yako swali hilo kwa maandishi, na ulizia vifaa vya kila mwezi, usiulize pampu tu. Muulize pia muuzaji stoo yake iko mji gani na nani atapokea simu Jumapili usiku.

Pampu iliyotumika inayoletwa na mjomba kwenye begi inahitaji tahadhari zaidi. Muda wa dhamana huenda umekwisha, seti zake huenda haziuzwi hapa, na kumbukumbu yake bado ina mipangilio ya mjomba. Kiwango cha msingi cha mtu mzima wa kilo 90 kikiingia kwa binti wa miaka 12 kinaweza kumuua usiku mmoja. Isivaliwe na mtu kabla ya kufutwa na kupangwa upya na daktari aliyefunzwa pampu hiyohiyo. Kama daktari huyo hayupo karibu, jibu ni kuiacha kwenye boksi.

Ukiniuliza mimi shilingi ya kwanza iende wapi, ningesema vibanzi vya kupimia sukari, vya kutosha kupima mara nne au zaidi kwa siku. Ya pili iende kuhama kutoka mchanganyiko hadi sindano nyingi zenye insulini ya muda mrefu na ya haraka. Ya tatu iende kwenye kihisi, hata bila pampu. Utafiti wa DIAMOND wa 2017 ulionyesha wanaochoma sindano wakipewa kihisi wanashusha wastani wao wa sukari kuliko wanaotegemea vibanzi. Kwa watoto, kliniki zilizo chini ya mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009 na kufika Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, hutoa insulini, vifaa vya kupimia na mafunzo bila malipo, na ni vyema kuyamaliza mafunzo hayo kwanza. Baada ya hapo, kama sukari bado inaanguka usiku bila dalili, kama alfajiri haishikiki, kama kuna mpango wa ujauzito na namba hazitulii, basi pampu imekuwa swali halali.

Yapo na mambo ambayo daktari huenda asiyataje. Pampu yenye mrija inataka mahali pa kukaa, na dera halina mkanda wala mfuko. Wanawake wengi huishia kushona kijimfuko ndani au kuibana kwenye sidiria, kisha inalia katikati ya mahubiri. Mahali pa kanyula panatakiwa pahamishwe kila mara, la sivyo ngozi inavimba mafuta na insulini hainyonywi. Kijana wa sekondari anaweza kuchoka kuulizwa na kila mtu hicho ni nini, akaivua na kuificha. Ni heri aulizwe yeye mwenyewe mapema kama anaitaka. Na umeme: kwenye mgao, pampu ya betri za dukani ina faida kuliko ya kuchaji.

Ukishaamua kuivaa, usitoke kliniki siku hiyo bila karatasi yenye vitu vitatu vilivyoandikwa kwa mkono wa daktari: uniti za insulini ya muda mrefu utakazochoma pampu ikifa, uwiano wako wa chakula, na dozi ya kurekebisha sukari ikipanda. Piga picha, mtumie mwenzako au mama yako, na nakala ibandikwe ndani ya mlango wa friji. Mipangilio iliyomo ndani ya pampu huwezi kuisoma pampu ikishazimika.